Pacha Mpole Mno

Nililelewa na mbwa. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, na wala sikukulia porini. Mama nilikuwa naye, shangazi nilikuwa naye, na majirani walitosha, lakini mtoto wa kwetu akijichafua, wa kwanza kuitwa alikuwa mbwa. Maji ya Turkana ni ya kunywa, na hata hayo ya kunywa yanafuatwa mbali. Nani angeyamwaga kwenye matako ya mtoto wakati kuna mbwa mwenye ulimi? Mama alipiga ulimi mlio fulani, mbwa akaja mbio, akafanya kazi yake safi kabisa, akapiga chafya, akarudi kivulini. Wetu alikuwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limepasuka, na pale nyumbani alikuwa na heshima ya mtu mwenye ajira. Nilipoanza kusimama, shingo niliyoishika ilikuwa yake. Nadhani hata hii tabia ya kunusa mambo yasiyonihusu niliitoa kwake.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Dirisha la darasa lilitazama barabara, malori yalipita, nami sikuweza kusoma lolote huku sijui yale malori yanakwenda wapi. Siku moja nikaenda kuangalia. Nikafika Longech, nikaanika samaki ufukweni mpaka nywele zangu zikanuka kama wao. Nikafika Eliye Springs, nikawaoshea vyombo wageni waliotoka mbali kuja kutazama maji, kana kwamba kwao hayapo. Nikafika Namoruputh, nikawauzia wachungaji tumbaku na sukari. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa watu wa pale wanacheka nini, halafu nikahama.

Miaka ya tisini, kambi ya Kakuma ilipojaa watu, nikaanza kupeleka huko samaki wakavu kutoka ziwani. Huko nikapata watu wawili. Wa kwanza ni mume wangu, Mturkana mwenzangu, utingo kwenye lori la tajiri mmoja Msomali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kama anayakopesha. Wa pili ni rafiki yangu, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mwimbaji wa kwaya, ambaye alinunua samaki wangu kwa jumla na kuwauza ndani ya kambi. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba akisema bei, watu wa upande wa pili wa lagha, ule mto mkavu, walijua.

Mimba ilipoingia sikusumbuka nayo. Niliendelea kupanda malori, nikikaa juu ya magunia ya unga. Lakini tumbo halikufuata kalenda ya mtu yeyote. Wenzangu wenye mimba ya umri ule walikuwa bado wanaficha. Mimi nilikuwa natangulia kufika kila mahali kwa hatua mbili, na nimeegemea upande mmoja kama lori lililopakiwa vibaya. Watu wa sokoni wakawa wananisalimu mara mbili. "Ejok!" kwangu, halafu wanainama kidogo, "Ejok!" kwa tumbo.

Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa Kakuma, na ile nusu nyingine, kwa maelezo yake, ilizaliwa yeye akiwa safarini. Akatema tumbaku, akafunga macho, akaniwekea mikono tumboni.

"Wawili," akasema.

"Una hakika, shangazi?"

"Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"La tano."

"Basi nyamaza. Huyu hapa juu ni mmoja, anapiga mateke kama punda. Na huyu hapa chini, kando, ni mwingine. Kichwa chake hiki. Mviringo. Kizuri. Ametulia."

Habari ya mapacha ilienea Kakuma kabla sijafunga leso. Shangazi akaanza kulainisha ngozi mbili za kubebea watoto. Zikatungwa shanga shingo mbili. Mbuzi wawili wakatengwa, wakafungwa pamoja, wakawa wanatazamana kwa wasiwasi. Tajiri wa lori akatoa baraka na mfuko wa sukari, akasema, "Mashallah, na mwingine utakuja wa mtoto wa pili," na mwingine haukuja, lakini hiyo ni hadithi ya sukari.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi watu walivyompenda yule wa chini. Wa juu alikuwa mkorofi. Alipiga teke nikila, nikilala, nikihesabu samaki. Wa chini hakusogea hata kidogo. Kila mtu akaamua kwamba huo ni upole.

Mume wangu ndiye aliyezidi. Asubuhi kabla lori halijaondoka alikuwa anachuchumaa mbele yangu, anaweka mdomo karibu na upande ule wa chini. "Ejok, mzee," anasema. Halafu anaanza kumwambia mambo: gurudumu lililopasuka, dereva anayekoroma, deni la mjomba wake. Mimi mkewe sikuwahi kuambiwa hata robo ya hayo. Yule wa juu akipiga teke, mume wangu anainua kichwa kwa dharau. "Huyo hana adabu. Amekufuata wewe. Huyu mzee amenifuata mimi."

Rafiki yangu wa kwaya naye akaja na unabii. "Dada yangu, huyu ya chini atakuwa mchungaji. Sio ya mbuzi. Ya kanisa."

"Umejuaje?"

"Ngoja." Akaimba ubeti mzima, akiwa amepiga magoti, mdomo kwenye kitovu changu. Wa juu akacheza kama amemwagiwa maji moto. Wa chini, kimya. "Umeona?" akasema, machozi yamemlenga. "Anasikiliza."

Nikaanza hata mimi kumwonea fahari. Nilikuwa najilaza kwa namna ya kutomwegemea. Nilimkemea mkubwa asimpige mdogo wake. Yaani nilianza ulezi kabla ya wakati, na nikaanza kwa upendeleo.

Miezi ilivyosonga, shangazi akapata wasiwasi. Wa chini alikuwa amekua lakini hakuwa amehama. "Amelala mlangoni," akasema. "Mwenzake atatoka wapi? Upole una mwisho. Lazima tumwamshe." Akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akanilaza, akaanza kusukuma. Alisukuma kama mtu anayetoa gari mchangani. Yule mpole hakusogea, ila mimi nilihisi kitu kikali kikinichoma kwa ndani, na baada ya muda mfupi mwili wote ukaanza kuwasha. Vikatoka vivimbe mikononi, shingoni, usoni. Midomo ikavimba mpaka nikawa nazungumza kama nimekula pilipili ya kambi nzima. Kifua kikabana kidogo, kisha kikaachia.

"Amekasirika," shangazi akasema, akirudi nyuma.

"Si nilisema msimsumbue?" mume wangu akasema.

Kufikia alasiri vivimbe vilikuwa vimeshuka, na wote wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi sikuweza. Mtoto anakasirikaje tumboni mpaka midomo ya mama inavimba? Nilimwuliza shangazi, akasema mtoto ni damu yangu. Nilimwuliza rafiki yangu, akasema wachungaji wa kweli huwa na hasira takatifu. Majibu yote mawili yalikuwa mazuri, lakini hayakunikuna pale paliponiwasha. Tena nilikuwa nimesikia kwamba hospitali moja huko Lodwar ina mashine inayoonyesha mambo ya ndani ya tumbo kama televisheni. Nitasema kama ilivyokuwa: zaidi ya nusu ya safari ile ilikuwa ya kutafuta televisheni. Nikampa rafiki yangu samaki waliobaki, nikapanda lori, safari hii ndani ya kabini kama mheshimiwa.

Daktari alikuwa kijana mwembamba kutoka kusini mwa nchi, mwenye tabia ya kuongea na mashine kuliko na mgonjwa. Akanipaka tumboni kitu baridi kama kamasi, akapitisha kidude chake, kioo kikajaa vumbi la kijivu.

"Mtoto huyu hapa," akasema. "Moyo huo unapiga. Mkorofi kidogo."

"Huyo tunamjua. Tuonyeshe mpole."

"Nani?"

"Mwenzake. Wa chini."

Akashusha kidude. Akatazama. Akakipeleka kushoto, akakirudisha, akasema na mashine neno la Kiingereza ambalo mashine haikulijibu. Halafu akaniuliza, "Una mbwa nyumbani?"

Nikadhani anataka kununua. "Yuko, lakini ni wa shangazi."

"Na ulipokuwa mdogo?"

"Wakati huo ndiye aliyenilea."

Hakucheka. Akakigeuza kioo nikione vizuri. Palikuwa na duara kubwa, jeusi, kingo zake zimechorwa kama kwa bakuli, na ndani yake miduara midogo midogo imesongamana kama maputo ndani ya gunia. Hapakuwa na mkono wala mguu wala moyo unaopiga.

"Huyu si mtoto," akasema taratibu. "Ni mfuko wa maji. Ugonjwa wa mbwa."

Sasa, ugonjwa huo tulikuwa tunaujua. Nani Turkana hakuujua? Tulikuwa tumeona watu wenye matumbo makubwa, na tulikuwa tumeona gari la watu wanaopita kuwapa mbwa vidonge, nasi tukiwacheka kwamba mbwa wanatibiwa kabla ya watu. Lakini kwa akili zetu tumbo lilikuwa chumba cha mpangaji mmoja. Mwanaume mwenye tumbo kubwa ni mgonjwa. Mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa ana mimba. Kwamba wapangaji wawili wanaweza kukaa pamoja, mmoja akimwibia mwenzake nafasi, hilo halikuwahi kupita kichwani mwa mtu. Daktari akasema hata yeye, pale ambapo ugonjwa wenyewe ni mwingi, kumwona mama mwenye mimba na mfuko umekaa chini namna ile, karibu na mlango wa uzazi, ni jambo la nadra sana.

"Uliingiaje?" nikauliza.

"Umewahi kuona maini ya mbuzi yenye vifuko vya maji?"

Niliviona? Nilikuwa mtaalamu! Utotoni tulikuwa tunaviomba mbuzi akichinjwa, tunavirusha, tunavipasua kwa vidole ili tumrushie maji mwenzetu. Vilivyobaki alipewa mbwa.

"Basi hapo," akasema. "Ndani ya kile kifuko mna vichwa vya minyoo, vidogo kuliko chembe ya mchanga. Mbwa akivila vinakua tumboni mwake, vinataga mayai, mayai yanatoka na kinyesi. Mbuzi anakula majani yenye mayai, anapata vifuko. Mbwa anakula vifuko. Mbuzi, mbwa, mbuzi, mbwa. Ndiyo safari yake. Lakini mbwa akijilamba huku nyuma, halafu akamlamba mtoto mdomo..."

"Mnyoo anapanda kwangu."

"Anapanda kwako. Na kwako hawezi kushuka. Wewe huliwi na mbwa. Anakaa tu, anatengeneza mfuko, unakua polepole kwa miaka na miaka. Huu wako ni mkubwa kwa umri kuliko ndoa yako."

Nikautazama ule mduara. Mnyoo alikuwa amepanda lori lisilo lake, na kwa kuwa halikusimama popote, akajenga. Nikiwa mtu niliyepanda malori ya namna hiyo maisha yangu yote, nilishindwa kumchukia kabisa.

"Na ule muwasho?"

Hapo ndipo akaacha kutazama mashine. Akaniambia kwamba inaelekea shangazi aliposukuma, tone moja au mawili ya yale maji yalipenya, na mwili ukayakataa kwa vile vivimbe. Mfuko wenyewe ukipasuka, mwili utakataa kwa nguvu yake yote: pumzi inaweza kuziba na moyo kusimama kabla hata hawajanifikisha mezani. Na nikipatwa na uchungu wa kuzaa nyumbani, kichwa cha mtoto kingeusukuma ule mfuko kwa nguvu kuliko shangazi, na mlango umezibwa. "Mtoto hatapita, na wewe hutapona," akasema. "Kwa hiyo hakuna lori. Hakuna kubonywa. Unakaa hapa Lodwar, karibu, mpaka mtoto akomae, tuwatoe wote wawili kwa upasuaji."

Nilikuwa nimetaka kujua, na sasa nilijua. Nilitoka pale nikitembea kama nimebeba yai kwenye kijiko.

Binamu ya mume wangu alikuwa na boma karibu na hospitali, mwenyewe akiwa ziwani anavua, akatuachia nyumba na mbwa wake wa njano. Mume wangu alipofika na lori nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule mzee..."

"Ni maji."

"Maji tu?"

"Maji na vichwa vya minyoo."

Akakaa juu ya jerikeni. Akavua kofia. "Nimemwambia siri zangu zote," akasema.

Kukaa mahali pamoja kulikuwa kunaniua kabla ya ugonjwa. Nilijua kila jiwe la boma lile. Nilijua saa ambayo kila mbuzi wa jirani angepiga kelele. Lori likipita barabarani miguu yangu ilisimama yenyewe, na mume wangu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake ili anilinde, alikuwa anasema neno moja tu, "Kaa!" nami nakaa. Nililichukia neno lile.

Yule niliyekuwa nalindwa dhidi yake alifika siku ya soko. Shangazi alishuka kwenye lori la makaa, mbuzi wawili mkononi, na kopo la mafuta ya kondoo chini ya kwapa.

"Nimesikia mmemgeuza mtoto wangu kuwa maji," akasema, kabla ya salamu.

"Daktari ameona kwa mashine, shangazi."

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

"Ni mwanaume."

"Ndiyo nauliza."

Akaniambia nilale. Nikakataa. Mume wangu akaja akakaa katikati yetu kama gunia la mahindi. Tangu hapo maisha yakawa ni vita vya mikono. Shangazi akijifanya ananifukuza nzi, mkono unateremka tumboni. Akijifanya ananirekebishia leso, mkono huo. Mume wangu anaukamata, anaurudisha kwa adabu. "Samahani, mama." Dakika chache baadaye, mkono. "Samahani, mama." Nilikuwa nacheka, na kila nikicheka naogopa kwamba kucheka nako ni kubonyeza. Kwa sababu nilijua kwamba siku mume wangu akienda tu kujisaidia, shangazi angefika na mafuta yake kwa mapenzi yote duniani, na mapenzi yale yangetumaliza mimi na mkorofi wangu.

Siku ya pili akaamuru mbuzi mmoja achinjwe, wa kuwakaribisha mapacha, maana yeye bado alikuwa na mapacha. Mume wangu akachinja, akapasua, akatoa maini. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Ini lilikuwa na kifuko cheupe, kikubwa kama yai la kuku, kinang'aa. Mwenzake mdogo alichungulia kando.

"Shangazi," nikasema, "funga macho. Nipe mikono yako."

"Ya nini?"

"Wewe si unasema mikono yako haidanganyi? Iulize."

Hilo hakuweza kulikataa. Akafunga macho. Mume wangu akafunika ini kwa upande wa leso yangu, akaiweka mikono ya shangazi juu yake. Vidole vikatembea. Vilikuwa vidole vya ajabu, kwa kweli, vikipima kama vinasikiliza. Vikafika pale. Vikazunguka.

"Mviringo," akasema kwa sauti ndogo.

"Ehe."

"Kimetulia." Vidole vikabonyeza kidogo, vikauliza tena, vikabonyeza zaidi, na kifuko kikapasuka pwaa, maji yakapita kwenye leso, yakamrukia kidevuni.

Akafungua macho. Akanitazama tumboni. Nikaona kwamba ameelewa. Nikaona anakumbuka mafuta, na kusukuma, na midomo yangu iliyovimba. Machozi yalimlenga. Na huku analengwa na machozi, akiwa ameelewa kila kitu, mkono wake ukafanya kile ambacho mikono yetu imefanya tangu kuwe na mbuzi: ukachukua lile ini bovu na kumrushia mbwa.

Tulipiga yowe wote watatu. Mbwa wa njano, ambaye maishani mwake hakuwahi kushangiliwa namna ile, akalidaka na kukimbia. Mume wangu nyuma yake. Shangazi nyuma ya mume wangu, leso mkononi. Wakazunguka nyumba, wakapita juu ya moto, sufuria ikalia, yule mbuzi wa pili akakata kamba kwa hofu na kuungana na msafara akidhani yeye ndiye anayefuata. Miguu yangu ikasimama. Nilikuwa nimeshakunja leso kukimbia, tumbo na mfuko na vyote, mume wangu aliponiona kwa jicho la pembeni akanguruma:

"Kaa!"

Nikakaa. Na mbwa naye akakaa. Sijui alifundishwa na nani. Alikaa pale pale katikati ya boma, ini limening'inia mdomoni, akitutazama kwa zamu, mimi na yeye tumekaa, wengine wamesimama.

Shangazi ndiye aliyemaliza kazi. Alimkalia mgongoni, akaingiza vidole kwenye taya, akanong'oneza maneno yale yale anayowanong'onezea wanawake wakati wa mwisho, akavuta. Ini likatoka lote.

"Nimemzalisha," akasema, akihema.

Tulilichoma mpaka likawa jivu. Shangazi akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, na uso pia. Kisha akalichukua kopo lake la mafuta, akampa jirani. Kuanzia hapo akawa yeye ndiye mlinzi, na mume wangu akarudi kwenye lori akiwa amechoka kuliko wakati wowote wa kupakia. Hakuna aliyenigusa. Nzi wenyewe walifukuzwa kabla hawajatua. Nilipokwenda kupimwa, shangazi alisimama kati yangu na daktari.

"Umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Usimbonye."

"Simbonyi, mama. Natazama tu."

"Tazama ukiwa hapo ulipo."

Siku ya upasuaji alinisindikiza mpaka mlango ambao watu hawavuki. Nilikuwa naogopa, na niliogopa kwa namna yangu: nilitaka kujua kila chombo kinaitwaje. Nilimwuliza anayenichoma sindano maswali mengi mpaka akaniambia nihesabu kurudi nyuma. Nikamwuliza kwa nini kurudi nyuma. Jibu sikulisikia.

Nilipoamka, shangazi alikuwa ameketi kando ya kitanda na mkorofi mikononi. Msichana. Analia kwa hasira, mateke yake yakitafuta tumbo la kupiga na halipo tena. Nikalia pia. Shangazi akasema nisilie kwa nguvu, nina mshono.

Daktari akaja jioni ile, uso umechoka, amefurahi. Akasema mtoto alitoka kwanza, halafu wakauzungushia mfuko vitambaa vilivyolowekwa dawa, ili hata tone lisianguke ndani yangu, wakautoa na ngozi yake. Nitahitaji kurudi kupimwa, na vidonge baadaye. Mume wangu, ambaye alikuwa ameshuka kwenye lori na vumbi lake lote, akauliza kama anaweza kumwona.

"Mtoto si yule pale?"

"Yule mwingine."

Wakaleta karai lililofunikwa. Ulikuwa mweupe, mviringo, kama yai kubwa lisilo na ganda. Mume wangu akainama. Nilidhani atacheka.

"Ejok, mzee," akasema polepole, na akarudisha kifuniko.

"Mikono yangu ilisema wawili," shangazi akamwambia daktari. "Haikusema wawili gani."

"Hapo ni kweli, mama," daktari akasema.

Rafiki yangu wa kwaya nilimweleza niliporudi Kakuma. Alisikiliza mkono mdomoni. "Yaani mimi niliimbia minyoo? Wimbo yote ile?"

"Yote."

"Waliokoka?"

"Walikufa."

Akafikiri. "Basi iliwaingia," akasema, akambeba msichana wangu, na msichana akampiga teke la shingo. Alivaa shanga zote mbili, zake na za mwenzake, na zilimfaa, maana kelele zake pia zilikuwa za watu wawili.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa shangazi alijichafua, kama ilivyo haki yake. Na shangazi, aliyekuwa akikoroga uji na kufikiria mengine, akapiga ulimi ule mlio. Mbwa akaja mbio kutoka kivulini. Shangazi akajifunika mdomo kwa mkono wote.

"Hapana," nikamwambia mbwa. Nilikuwa na sabuni, kitambaa, na maji kidogo kwenye kikombe, maji ambayo ningeweza kuyapikia chai. Mbwa akasimama, mkia unakwenda, akitutazama mimi na mtoto na tena mimi, kama mtu aliyefika kazini akakuta kiti chake kimekaliwa.

Kwa hiyo nilimsafisha mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na sikuwa hodari. Mtoto alirusha mguu, kikombe kikapinduka, sabuni ikaniingia jicho. Mbwa akakaa chini akatazama kazi yote mpaka mwisho. Kisha akapiga chafya, akarudi kivulini. Nadhani hakuridhika.